Kupima na kupunguza nyayo za kimazingira za kampasi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Tabora

Maswali haya yamekusanywa na sisi tunaoshughulikia mazingira katika kampasi moja ya mjini Tabora. Yametoka kwa wanafunzi, wahadhiri, wapishi, madereva, na mara moja moja kwa mkuu wa fedha, ambaye swali lake huwa ni lile lile. Anayetaka jibu moja tu asome ya jikoni.

Nyayo za kimazingira za kampasi ni kitu gani?

Ni jumla ya kile ambacho kampasi inachukua kutoka nje ili iishi (umeme, kuni, maji, chakula, karatasi, mafuta ya magari) na kile inachotoa: moshi, majitaka, takataka na gesi zinazoipasha dunia joto. Wazo lenyewe lilizaliwa chuoni. Mathis Wackernagel na William Rees wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliliendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakihesabu ukubwa wa ardhi ambao jamii inauhitaji ili ijilishe na kumeza uchafu wake. Siku hizi vyuo vingi hupima gesijoto, kwa kilo au tani za hewa ukaa (kaboni dioksidi), kwa sababu kwa kipimo hicho unaweza kujumlisha dizeli ya gari na gesi ya jikoni kwenye safu moja. Maji na taka ngumu huandikwa pembeni kwa vipimo vyake. Tusivigeuze kaboni kwa lazima. Ndoo ya maji ya Septemba hapa Tabora ina thamani ambayo kaboni haiwezi kuieleza.

Chuo chetu ni kidogo. Hakina kiwanda, hakina lifti, na viyoyozi ni vya kuhesabu. Tunachafua nini hasa?

Nenda nyuma ya bwalo alfajiri, kabla uji haujaiva. Utakuta sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake, chini yake magogo ya miombo yenye unene wa paja, na moshi ambao umeshaipaka dari rangi ya lami. Hapo ndipo sehemu kubwa ya nyayo za kampasi nyingi za mkoa huu ilipo. Lakini ukihesabu mabango ya mazingira yaliyobandikwa chuoni, karibu yote yanasema ZIMA TAA. Hakuna hata moja lililobandikwa jikoni.

Taa zizimwe, ndiyo. Ila ukitaka kupunguza kitu, ujue kwanza kikubwa kiko wapi, na kukijua ni kazi ya kupima.

Tunaanzaje kupima?

Amua mambo mawili kabla ya kugusa karatasi. La kwanza ni mipaka: je, hosteli za nje zilizokodishwa zimo? Kantini ya mzabuni imo? Nyumba za watumishi je? Hakuna jibu moja sahihi, ila ukishaamua, andika na usibadilishe kimyakimya mwaka unaofuata. La pili ni mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao miaka mingine yote italinganishwa nao. Chagua mwaka wa kawaida. Mwaka ambao chuo kilifungwa miezi kadhaa utakuaibisha baadaye, maana kila mwaka utakaofuata utaonekana mchafu.

Utaratibu unaotumika karibu duniani kote ni wa GHG Protocol, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Unagawa gesijoto katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mnachokichoma wenyewe: kuni, mkaa, gesi ya mitungi, dizeli ya jenereta na ya magari ya chuo, pamoja na gesi inayovuja kwenye viyoyozi. La pili ni umeme mnaonunua. La tatu ni yote mengine yanayotokea nje kwa ajili yenu, kama vile safari za wanafunzi, vyakula, saruji ya jengo jipya, karatasi na taka zinazokwenda dampo. Mwaka wa kwanza fanyeni mafungu mawili ya mwanzo vizuri, na kutoka la tatu chukueni safari na taka tu. Wanaotaka kupima yote kwa mpigo huishia na jedwali zuri lisilo na namba ndani.

Nani akusanye takwimu? Mtaalamu tunamtoa wapi?

Mnao tayari, ila hawaitwi wataalamu. Mhasibu ana bili. Karani wa stoo ana leja ya mafuta na mchele. Dereva ana kitabu cha safari. Mlinzi wa usiku anajua jengo gani huwa halizimwi. Mpishi mkuu anajua kuni za wiki zinaishia siku gani na ni mzabuni yupi analeta mbichi. Anayewazungukia hawa na daftari, akawasalimu kwanza na kukaa kidogo, atapata katika wiki moja kile ambacho barua ya ofisi haitakipata kwa muhula mzima. Sisi tulimwingiza mpishi mkuu kwenye kamati, akawa mjumbe anayehudhuria kuliko wote.

Wanafunzi wa jiografia, hesabu na uhasibu wanaweza kuifanya kazi hii kama mradi wa utafiti wa mwisho. Msimamizi mmoja ahakikishe kila mwaka wanaendeleza jedwali lile lile, badala ya kila mmoja kuanza lake.

Umeme tunaupimaje? Tunatumia LUKU kwenye majengo mengine na bili ya mwezi kwenye mengine.

Kwa bili ya mwezi, chukua uniti (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), achana na shilingi, kwa sababu bei hubadilika. Kwa LUKU, risiti zinaonyesha uniti mlizonunua, lakini hazionyeshi lini zilitumika. Kwa jumla ya mwaka risiti zinatosha. Kwa kutafuta upotevu hazitoshi, lazima usome mita yenyewe, siku ile ile ya wiki na saa ile ile.

Kipimo kimoja tunakipenda kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Soma mita kuu saa 4 usiku, kisha saa 12 asubuhi. Tuseme zimekwenda uniti 48. Gawanya kwa saa 8: kampasi iliyolala inakula kilowati 6 bila mtu kufanya kazi yoyote. Kisha zunguka na fundi umeme, mzime kimoja kimoja huku mmoja wenu anaangalia mita. Mtakutana na jokofu la maabara lenye chupa mbili za maji, kompyuta za maktaba zilizoachwa wazi, taa za nje zinazowaka hata mchana kwa sababu swichi yake imefungiwa ndani ya chumba ambacho ufunguo wake uko kwa mtu aliyehamia Dodoma.

Kubadili uniti kuwa hewa ukaa kunataka kiwango cha gridi ya taifa, na hicho kinatembea. Gridi yetu huendeshwa hasa kwa maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme Februari 2024, kwa hiyo viwango vilivyokokotolewa kabla ya hapo vinatia chumvi. Kwa makisio ya awali tunaweka kilo 0.3 kwa uniti moja na tunaandika wazi kwamba ni makisio. Kitakachowaaibisha si makisio, ni kutumia kiwango cha Afrika Kusini, ambako umeme mwingi hutoka kwenye makaa ya mawe, eti kwa sababu ndicho kilichotokea kwanza mlipotafuta.

Kuni tunazipimaje? Sisi tunanunua kwa lori.

Lori si kipimo. Lori moja linaweza kupangwa kwa ustadi kiasi kwamba katikati yake anapita mbuzi. Gunia la mkaa nalo lina lumbesa yake. Dawa ni mizani. Ile ya kuning'iniza inayopimia magunia ya mahindi inatosha kabisa. Pima kila mzigo unaoingia jikoni kwa wiki mbili, wiki moja ya kawaida na nyingine ya mitihani, kisha zidisha kwa wiki za masomo.

Angalia na unyevu. Gogo lililokatwa juzi linaweza kuwa nusu yake ni maji. Utaliona likitoa povu kwenye ncha na kufuka badala ya kuwaka. Mnalipia maji, halafu mnatumia kuni nyingine kuyachemsha hayo maji yatoke. Kuanika kuni miezi mitatu chini ya paa lililo wazi pembeni ni hatua rahisi kuliko zote zilizomo katika ukurasa huu, na ni ajabu jinsi isivyofanyika. Kuni za kutumia masika zinunuliwe Agosti.

Kilo 1 ya kuni kavu ikiungua hutoa takriban kilo 1.7 za hewa ukaa, pamoja na methani na gesi nyingine zinazolingana na kama kilo 0.15 zaidi. Mkaa hutoa zaidi ya kilo 3 kwa kila kilo, na hapo hujahesabu kilichopotea tanurini: kwa matanuru ya kienyeji, kilo moja ya mkaa inataka kilo 5 hadi 10 za mti. Kwa hiyo chuo kinachoacha kuni na kuhamia mkaa ili jiko lipendeze kimeondoa moshi kwenye macho ya wageni na kuupeleka porini.

Lakini mti huota tena. Kwa nini moshi wa kuni uhesabiwe?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na anayeliuliza mara nyingi ni mhadhiri wa biolojia.

Kanuni inasema hivi: hewa ukaa ya kuni iandikwe, lakini pembeni, nje ya yale mafungu matatu, kwa sababu mti ulipokuwa ukikua uliivuta hewa hiyo hiyo. Methani na gesi nyingine zinaingia fungu la kwanza bila mjadala. Kanuni hiyo inadhani kwamba palipokatwa mti, mti unarudi. Miombo kweli ina tabia ya kurudi: visiki huchipua, mizizi hutoa machipukizi, na pori lililoachwa litulie hufunga tena. Tatizo ni kwamba haliachwi. Moto wa kiangazi hupita kila mwaka, ng'ombe hufuata, na sehemu nyingine hulimwa tumbaku au mahindi kabla chipukizi halijafika kiunoni. Tumbaku yenyewe hukaushwa kwa kuni. Pori moja linadaiwa na watu wengi.

Kwa hiyo jibu linategemea kuni zenu zinatoka wapi. Tuseme jiko lenu linakula tani 3 kwa wiki juu ya mafiga. Kama zinatoka kwenye shamba la miti linalovunwa kwa zamu na kupandwa tena, deni lenu ni kama kilo 450 tu, zile za methani na wenzake. Kama zinatoka kwenye pori linalogeuzwa shamba, ongeza zaidi ya kilo 5,000 za hewa ukaa. Jiko ni lile lile na ugali ni ule ule. Muulizeni mzabuni aonyeshe kibali cha uvunaji, na aseme ni kijiji gani. Asipojua, au akijifanya hajui, mmeshapata jibu.

Basi tuhamie gesi moja kwa moja?

Tuendelee na mfano huo huo. Mafiga hupeleka kwenye sufuria kama asilimia 15 tu ya joto la kuni. Kazi inayofanywa na tani 3 za kuni inaweza kufanywa na kilo 270 hivi za gesi ya mitungi, yaani mitungi saba ya kilo 38. Gesi hiyo ikiungua hutoa takriban kilo 800 za hewa ukaa. Kwa umeme, kazi ile ile inataka uniti kama 2,200, ambazo kwa kiwango chetu cha 0.3 ni kilo 660.

Mtu mwangalifu ataona jambo hapo: kuni za shamba linalopandwa tena, kwa kilo 450, zinaonekana bora kuliko gesi. Kwenye karatasi ya gesijoto ni kweli, na tusilifiche. Lakini karatasi hiyo haina safu ya mapafu ya mpishi anayesimama kwenye moshi saa nane kwa siku. Kwa maoni yetu hilo peke yake linatosha kuamua.

Kwa vitendo, chuo hakihami siku moja. Maharage ndiyo yanayokula nishati kuliko kitu chochote, kwa hiyo yaanze yenyewe: yalowekwe usiku kucha, yapikwe kwenye sufuria kubwa za presha za umeme au gesi. Ugali unataka moto mkali na mkono wenye nguvu, na wapishi wengi watausogeza mwisho. Wasikilizwe. Jiko banifu lililojengwa vizuri, lenye bomba la kutoa moshi na tanuri linaloikumbatia sufuria, hupunguza kuni kama nusu, na linafaa kuwa daraja wakati fedha za kuhama zinatafutwa. Lisigeuzwe kituo cha mwisho. Kuna vyuo vimejenga jiko banifu, vikapiga picha, vikasahau kufagia bomba, na mwaka wa pili wapishi wamerudi kwenye mafiga nje.

Serikali imesema nini kuhusu kuni vyuoni?

Iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na tarehe ya kwanza iliyowekwa ilikuwa mwisho wa Januari 2024. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa hiyo mkiandika andiko la kuomba fedha za jiko, hamuombi hisani. Mnaomba kutekeleza agizo.

Gesi ya kinyesi cha hosteli inawezekana?

Inawezekana, na mitambo ya namna hiyo imejengwa Tanzania kwa miongo mingi, CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, ikiwa mbele katika kazi hiyo. Ila msitarajie makubwa. Choo cha watu 1,000 kinaweza kutoa gesi inayolingana na kilo 10 hivi za gesi ya mtungi kwa siku, na likizo inapoanza mtambo unalala njaa. Mabaki ya bwalo na samadi ya ng'ombe husaidia. Faida kubwa zaidi mara nyingi ni kwamba mashimo hayajai haraka. Kuna na suala la wanafunzi kukubali kula chakula kilichopikwa kwa gesi hiyo. Zungumzeni mapema, msiwashtukize.

Jenereta yetu huwashwa mara chache. Tuiandike?

Iandikeni. Lita 1 ya dizeli ni kilo 2.7 za hewa ukaa. Baya zaidi ni jenereta kubwa kuwashwa ili mtu mmoja achapishe mtihani: inakula karibu kama imebeba jengo zima. Betri ndogo yenye inveta kwa ofisi ya mitihani na seva ingeimaliza kesi hiyo.

Viyoyozi ni vichache. Kwa nini mnavifuatilia hivyo?

Kwa sababu ya gesi iliyomo ndani. Kilo moja ya R-410A, mojawapo ya gesi hizo, ikivuja ina nguvu ya kupasha joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" kwenye AC ya ukumbi anaziba pengo la ile iliyokwisha kwenda angani, na kilo moja aliyoiongeza ni sawa na kuchoma lita 780 hivi za dizeli. Mwambieni atafute tundu kwanza. Kila akijaza, aandike aina ya gesi na kilo. Mkinunua kipya, chenye R-32 ni nafuu, maana nguvu yake ni kama theluthi moja.

Tabora iko juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Jengo lenye madirisha yanayotazamana, na lenye mwembe upande wa magharibi, halihitaji AC isipokuwa chumba cha seva. Miembe tunayo, wahenga walitupandia.

Na maji?

Mji umepata nafuu tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofika, maana zamani tuliishi kwa kuomba Bwawa la Igombe lisishuke. Lakini maji hayo yanasafiri mamia ya kilomita kwa pampu, kwa hiyo bomba linalovuja chooni linapoteza maji na umeme wa mtu mwingine.

Kupima ni rahisi: mita kuu isomwe usiku vyoo vikiwa havitumiki. Ikizunguka, kuna tundu. Halafu tazameni mapaa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bwalo lenye paa la mita za mraba 600, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka na ukitoa moja ya tano kwa kumwagika, linaweza kukusanya lita 430,000 hivi. Namba hiyo huwafurahisha watu mpaka waulize zitakaa wapi, kwa sababu mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, na kiangazi hakina huruma. Hakuna chuo kitakachonunua matangi 43 ya lita 10,000. Tangi moja au mawili hujazwa na mvua moja nzuri na kutumika yale yale kwa vyoo na usafi hadi mvua inayofuata. Kwa hiyo mvua isaidie nusu ya mwaka, bomba lisaidie nusu nyingine.

Taka zinapimwaje?

Wiki moja, mizani ile ile ya kuni, glovu, na turubai la kutandaza chini. Tenganisheni makundi manne: ya kuoza, plastiki, karatasi, mengineyo. Kundi la kwanza ndilo litakuwa kubwa, hilo tunaweza kuapa: maganda, ukoko wa ugali, maharage yaliyorudishwa. Likienda dampo linaoza bila hewa na kutoa methani, ambayo kwa miaka 100 ina nguvu kama mara 28 ya hewa ukaa. Likienda kwa wafugaji au kwenye mboji, tatizo limekwisha. Makopo ya plastiki wanayataka waokota chupa, wapeni siku maalumu ya kuingia getini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, ingawa vifungashio bado vipo. Kuchoma taka kwenye shimo nyuma ya hosteli kukome. Kompyuta mbovu zisilale stoo miaka kumi zikisubiri kibali cha kuziondoa kwenye vitabu.

Safari za wanafunzi ni zetu kweli? Si kila mtu anajilipia?

Ni fungu la tatu, na ndiyo, zinahesabiwa, kwa sababu wasingesafiri kama chuo kisingekuwepo. Fanyeni dodoso fupi wakati wa usajili: umetoka wapi, kwa chombo gani. Maswali mawili tu. La tatu watu huacha kujibu. Anayekuja kwa basi au treni ana deni dogo, na Tabora ina bahati ya kuwa njiapanda ya Reli ya Kati. Ndege ya kutoka Dar es Salaam, kwa mtu mmoja, ni mara kadhaa ya basi, na wanaoipanda si wanafunzi. Kikao cha saa mbili kinachomrusha mkurugenzi kwenda na kurudi kinaweza kufanyika kwa video. Hatutaji ofisi.

Za kila siku ni ndogo zaidi. Mji huu ni wa baiskeli tangu zamani, na kutoka Isevya au Cheyo mtu anaendesha bila jasho. Kinachowakatisha tamaa wanafunzi ni wizi: jengeni banda la baiskeli lenye kufuli, karibu na mlinzi, lenye kivuli.

Tukipanda miti 1,000 tutakuwa tumefuta deni?

Hapana. Mche si mti. Pandeni, lakini hesabuni iliyopona baada ya kiangazi cha pili, msihesabu iliyopandwa siku ya mgeni rasmi. Kama chuo kina eneo la akiba lenye visiki vya miombo, kuchonga barabara ya kuzuia moto kulizunguka kutawapa miti mingi kuliko miche ya kununua, tena ya asili, na nyuki watakuja wenyewe. Shamba dogo la miti ya kuni nalo ni wazo zuri kwa jiko lililo safarini kuhama. Kituo cha utafiti cha Tumbi, hapa hapa nje ya mji, kimefanya kazi ndefu juu ya miti inayokua haraka, waulizeni.

Sola je?

Jua lipo. Kilowati moja ya paneli hapa inaweza kutoa wastani wa uniti 4 kwa siku au zaidi kidogo. Anzeni na pampu ya maji, kwa sababu pampu haihitaji betri: jua likiwepo inajaza tangi, na tangi ndilo betri. Vumbi la Agosti lifutwe, maana paneli chafu hupoteza uwezo na hakuna anayepanda juu kuangalia.

Wanafunzi wameongezeka mara mbili. Matumizi yamepanda. Tumeshindwa?

Andikeni namba mbili siku zote: jumla ya kampasi, na kwa kila mwanafunzi. Jumla ndiyo anga inaiona. Ya mwanafunzi mmoja ndiyo inaonyesha juhudi zenu. Mtu akikuonyesha moja tu, muulize nyingine.

Tujiunge na orodha za vyuo vya kijani vya kimataifa?

UI GreenMetric, iliyoanzishwa na Universitas Indonesia mwaka 2010, inakubali vyuo vya kila ukubwa na dodoso lake ni orodha nzuri ya kujikagua: majengo, nishati, taka, maji, usafiri, elimu. Litumieni hivyo. Nafasi mtakayoshika isiwape usingizi wala kuwanyima, kwa maana dodoso lililotungwa kwa ajili ya dunia nzima haliwezi kuliona jiko la kuni kwa uzito linaostahili.

Itagharimu kiasi gani? (mkuu wa fedha)

Kupima: mizani, daftari na muda wa watu. Hatua za mwanzo, yaani kuanika kuni, kuloweka maharage, kuziba bomba na kuzima kilichowashwa bure, zinarudisha fedha ndani ya muhula. Tunaomba kilichookolewa kiandikwe kwenye kifungu chake, kisimezwe na chai ya vikao, ili ndicho kinunue sufuria ya kwanza ya presha.

Wenzetu wa Kigoma watumie utaratibu huu huu?

Jikoni, kwenye maji na taka, ndiyo. Kwenye umeme wawe macho. Kigoma iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na gridi ya taifa ilianza kuingia mkoani mwaka 2022. Uniti moja ya jenereta ilikuwa inakaribia kilo moja ya hewa ukaa. Kampasi ya huko itakayochukua mwaka wa kabla ya gridi kuwa wa msingi itaonyesha kwamba fungu lake la pili limeporomoka, bila hata swichi moja kuzimwa chuoni. Wachague mwaka wa baada ya gridi. Wakilazimika kutumia wa zamani, waandike chini ya jedwali kwamba upungufu huo ni kazi ya nguzo za TANESCO, halafu waonyeshe peke yake kile walichokipunguza wao.